Stika ya Mwaka wa 18

Fundi wangu alipofika, kabla hata ya kupokea kiti, alilaza kiganja juu ya boneti ya gari nililotaka kununua. Akakiondoa, akanitazama.

"Bosi, hili limeshawashwa."

Mzee mwenye gari akacheka. "Nimetoka nalo kanisani, mwanangu. Kwani vibaya?"

"Si vibaya, mzee wangu. Ila dizeli iliyopata moto haisemi ukweli. Tusubiri lipoe."

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa nane 2014, Mbezi ya Kimara. Kufika pale tulikula vumbi saa nzima na nusu, maana Barabara ya Morogoro ilikuwa imefumuliwa kwa ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendo kasi. Sasa tena tusubiri gari lipoe! Nilimkasirikia fundi kimoyomoyo, kwa sababu mimi moyoni nilikuwa nimeshalinunua tangu getini.

Nyumbani tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wanne na mama yangu mzazi, na kila Desemba tunapanda Njombe, kilomita mia saba na ushee. Mwaka uliotangulia kigari changu kidogo kilichemka katikati ya mlima wa Kitonga. Mama akashuka, akakalia jiwe kando ya barabara, malori yakitupita kwa kutambaa. Hakusema neno. Bora angesema.

Na lile lilikuwa VX, Land Cruiser 100 ya mwaka 2001, injini ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, yenye tabo. Nafasi ya watu wanane. Viti vya nyuma kabisa ukivikunja vinaning'inia ubavuni, mizigo inaingia. Nilikalia ngozi ile ya rangi ya maziwa, nikashika usukani, nikajiona nimefika Njombe. Dashibodi ilisoma kilomita 109,000 na kidogo. Mzee alitaka milioni 46.

Mke wa mzee alituletea chai na vitumbua. Fundi alikunywa akiwa amesimama. Alilinganisha namba ya chesesi na kadi, akalala chini kutazama bushi na difu, akagonga milango kwa kifundo cha kidole akisikiliza kama kuna puti iliyofichia mabati yaliyogongwa. Kisha akafungua boneti, akachovya kitambaa kwenye petroli kidogo, akaanza kusugua mbele ya injini kama mtu anayeosha uso wa mtoto.

"Bosi, njoo."

Chini ya vumbi na mafuta ilikuwepo stika ndogo, pembe moja imebanduka. Maandishi ya Kijapani, na katikati yake tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu ya wino: 18, 9, 4. Chini yake, 98,640.

"Hii huwekwa na gereji za kule wakibadilisha mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini kwa wakati wake. Kusoma Kijapani sijui, ila haya maandishi nimeyaona mara mia. Za chini ni kilomita. Hiyo 18 ni mwaka. Wanahesabu miaka ya mfalme wao. Ongeza 1988."

Nikaongeza. 2006.

Mzee alikuwa amesogea. Akavaa miwani yake, akainama mpaka tai ikagusa rejeta. "Nisomee tena hiyo namba."

"Tisini na nane elfu, mia sita arobaini."

"Mimi nimelinunua 2011," akasema taratibu, "likiwa na elfu sabini na moja."

Hakuna aliyejibu. Kuku alipita chini ya gari. Fundi akaandika kwa kidole kwenye vumbi la bampa: 98 jumlisha 38 ambazo mzee mwenyewe alikuwa ametembea, halafu akachora alama ya kuuliza kwa ile miaka mitano ya katikati. Nilitamani aifute. Nilikuja nikiwa tayari kukutana na tapeli, nikakuta mtu aliyetapeliwa kabla yangu, mwenye tai ya kanisani.

"Kilomita nyingi si ugonjwa kwa injini hii," fundi alisema, sasa akimwambia mzee kuliko mimi. "Tatizo ni mkanda. Wewe ulikuwa unasubiri zifike ngapi ubadilishe?"

"Nilijua bado."

"Ukikatika kwenye dizeli hii, pistoni zinapiga valvu. Injini imekwisha hapo hapo."

"Nakwenda nalo Lushoto na wajukuu," mzee akasema. Akavua miwani.

Baada ya saa mbili hivi injini ilipoa. Ilipopigwa ufunguo mara moja tu ikawaka, moshi mweupe kidogo ukakata. Fundi alifungua mfuniko wa oili ikiunguruma, akaugeuza na kuuacha juu ya tundu. Ukatetemeka tu, haukuruka: injini haijachoka. Alibonyeza kitufe cha kunyanyua gari, likapanda polepole, akaangalia kiwango cha mafuta ya mfumo ule kwenye tangi lake. "Mitungi yake ya gesi bado inapumua." Tukaenda mpaka Kibamba na kurudi, mimi nikiendesha. Sikumbuki mengi ya safari ile zaidi ya ukimya wa mzee kiti cha nyuma.

Bei ilikuwa sehemu fupi kuliko nilivyoogopa. Nikataja 41, nikiona aibu kwa sababu ya vile vitumbua. Mzee akasema 42, tukashikana mikono.

Wiki ile ile fundi alitoa mkanda. Aliupinda kinyume kwenye viganja vyake na nyufa zikafunguka kati ya meno, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Hakusema kitu, akanipa niushike.

Jioni mzee akapiga simu. Hakuuliza kadi wala gari. "Ule mkanda, mwanangu. Ulikuwaje?"

Nilikuwa bado ninao mkononi.

"Ulikuwa mzima, mzee wangu," nikamwambia. "Tumebadilisha tu kwa tahadhari."