Usiku sita Ujiji, chumba cha elfu kumi

Mwalimu ndiye aliyeleta wazo. Sisi ni watatu, marafiki tangu shule ya msingi Likoni, Mombasa, Kenya: yeye mwalimu, mwenzetu nesi, na mimi fundi cherehani. Kwa miaka miwili tuliweka pesa kidogo kidogo, na Agosti 2024 shule zilipofungwa tukaona zimetosha kutufikisha Kigoma, magharibi mwa Tanzania, na kuturudisha Mombasa, mradi tusilale hotelini. Nauli haipunguziki. Chakula kinapunguzika kidogo tu. Kilichobaki ni malazi, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwa sababu watu wengi wa kwetu wakisikia gesti ya choo cha nje, tena nchi ya watu, huighairi safari. Hata mimi nilikaribia kughairi.

Tulipanda basi hadi Lunga Lunga, tukagongewa pasipoti Horohoro, tukashuka Tanga hadi Dar es Salaam. Pale tukachukua treni ya reli ya kati, ile ya zamani ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Daraja la pili la kulala lina vitanda sita kwa chumba, na wanawake huwekwa peke yao. Kati ya wenzetu humo ndani alikuwamo mama mmoja wa Kigoma aliyekuwa akirudi nyumbani na mizigo ya duka. Tulipopita Tabora, watu wakinunua asali madirishani, akatuuliza:

"Wanangu, mnafikia kwa nani?"

"Hatuna mtu, mama. Tutatafuta gesti."

"Basi msitafute usiku, wala msikae karibu na baa. Nendeni Ujiji, mkaulize gesti inayofunga geti mapema. Ukiona geti linafungwa mapema, jueni mwenyewe analala humo humo."

Maneno hayo niliyasikia vizuri, na usiku wa kwanza sikuyafuata. Treni ilichelewa, tukafika giza limeshaingia, miguu imevimba, tukaingia gesti ya kwanza tuliyoelekezwa pale mjini, si mbali na stesheni. Vyumba viwili, elfu ishirini kila kimoja. Hatukuomba hata kuviona kwanza. Muziki wa baa ya jirani ulipigwa mpaka saa tisa. Chandarua kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na komeo la mlango wetu lilikuwa limebaki skrubu moja. Nesi hakulala kabisa. Alikaa kitandani amejifunga leso kichwani akipunga mbu, na mtu anayeona wagonjwa wa malaria kila siku kazini huwezi kumwambia kwamba ni usiku mmoja tu.

Asubuhi ikawa ugomvi. Nesi alisema ataongeza pesa yake mwenyewe akalale hoteli ya choo cha ndani. Mwalimu akamjibu kwamba tulikubaliana tangu Mombasa, na mmoja akijitenga safari imeshavunjika. Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana niliogopa. Nikasema twendeni Ujiji kama alivyotuambia yule mama. Nesi ndiye atakayekagua, na neno lake liwe la mwisho: akikataa nyumba, tunaondoka bila swali. Tena mfuko wa pamoja aushike yeye. Kila mmoja alitoa shilingi laki mbili za Tanzania, zikawa laki sita, zikaingia kwenye mkoba wake. Sikuwa nimelipanga jambo hilo. Lilinitoka kwa sababu nilitaka kelele ziishe. Lakini naona safari yetu iliokolewa pale, kwa kumpa madaraka yule aliyekuwa na malalamiko.

Ujiji ni mwendo mfupi wa daladala kutoka mjini, kama kilomita nane. Tuliposhuka nilishikwa na kitu ambacho sikukitarajia. Nyumba zina baraza, wanawake wamejifunga kanga, adhana inasikika kutoka pande tatu, wazee wamekaa kivulini chini ya miembe. Misafara ya pwani ilikuwa ikiishia hapa, na watu wa pwani waliacha lugha yao na dini yao. Mombasa na Ujiji zinatenganishwa na zaidi ya kilomita elfu moja, nami nilijisikia nimeingia mtaa wa Majengo kule kwetu Mombasa.

Gesti ya kwanza Nesi aliikataa kwa harufu ya choo. Ya pili aliikataa kwa kuwa madirisha hayakuwa na wavu. Ya tatu ilikuwa nyumba ya zamani yenye ua katikati: vyumba tisa vimeuzunguka, mabafu mawili na vyoo viwili upande wa nyuma, pipa kubwa la maji, kamba za kuanikia nguo. Mwenyewe alikuwa bibi mtu mzima, amekaa mkekani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni."

Nesi akaomba kwa adabu aone chumba kabla hatujazungumza bei. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyofanya, na tangu siku hiyo mimi hukagua vivyo hivyo. Alikishusha chandarua, akakinyoosha kwenye mwanga wa dirisha. Aliinua godoro akapitisha kidole kwenye mishono yake yote, kwa sababu kunguni hujificha pale. Alijifungia ndani, akatusihi tuusukume mlango kwa nguvu. Akauliza maji hutoka saa ngapi, geti hufungwa saa ngapi, na ufunguo wa geti anao nani. Bibi alijibu kila swali bila kukasirika. Geti linafungwa saa nne usiku, na ufunguo unalala chini ya mto wake.

Bei ilikuwa elfu kumi na mbili. Tulipomwambia tutakaa usiku sita akatushushia hadi elfu kumi. Tuliomba chumba kimoja tu, wa tatu alale kwenye mkeka, lakini alikataa: kitanda kimoja watu wawili, mwisho. Tukachukua viwili. Laki na ishirini kwa siku zote, yaani elfu arobaini kila mtu. Usiku mmoja pale mjini ulikuwa umetugharimu elfu arobaini kwa vyumba viwili. Aliyelala peke yake tulimbadilisha kila siku, na nafasi hiyo ya kuwa peke yako ilitusaidia sana, maana marafiki wakikaa pamoja mchana na usiku huchokana hata kama wanapendana.

Maji yalikuwa mtihani mkubwa zaidi. Ziwa Tanganyika liko pale unaliona, lakini bomba la nyumba ile lilitoa maji usiku tu, na si kila usiku. Kila mgeni alihesabiwa ndoo moja asubuhi na moja jioni. Mwalimu ana usingizi mwepesi, kwa hiyo yeye ndiye aliyelisikia bomba likianza kukohoa saa nane za usiku. Akaamka kimya kimya, akajaza madumu mawili tuliyonunua sokoni, kisha akajaza na pipa la nyumba. Usiku wa pili wa maji tuliamka wote. Wageni wengi mle walikuwa wafanyabiashara, wanaoga alfajiri sana na kuondoka. Sisi tukahamishia kuoga kwetu saa nne asubuhi, mabafu yakiwa matupu, na hapo ndoo moja inatosha kabisa.

Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, kinafagiliwa, lakini Nesi hakuridhika. Hakusema neno kwa siku nzima. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na brashi, dawa ya choo na glavu, akaenda kukaa mkekani karibu na bibi kabla ya kufanya lolote.

"Bibi, sisi kwetu tukifikia nyumba ya mtu husaidia usafi. Utaturuhusu?"

Angeingia tu na brashi yake, angekuwa ametukana nyumba. Kwa kuuliza vile, bibi alicheka akasema nyumba ni yetu. Kuanzia siku hiyo tuliruhusiwa kutumia jiko la mkaa uani, na nusu ya gharama zetu za chakula ikaondoka.

Vitu vilivyotufaa zaidi vilikuwa vile tulivyokaribia kuviacha nyumbani. Leso ndiyo ya kwanza: ni shuka, ni pazia, ni taulo, ni ya kujifunga kwenda bafuni uani mbele za watu. Kandambili, tochi, kufuli letu wenyewe, na kamba fupi ya kufungia chandarua pale msumari unapokosekana. Mwalimu alikuja na begi la magurudumu, na barabara za mchanga za Ujiji zilimtaabisha.

Asubuhi ya tatu alikuja afisa wa uhamiaji kuangalia daftari la wageni. Kigoma inapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kwa hiyo ukaguzi wa wageni ni jambo la kawaida. Daftari la gesti lina safu nyingi: jina, uraia, namba ya pasipoti, unakotoka, unakokwenda, kazi, sababu ya safari. Wenzangu waliandika matembezi. Mimi, kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo moyoni, niliandika kununua vitenge. Afisa akaniuliza kwa upole kama nimekuja kufanya biashara, maana mgeni anayefanya biashara ana taratibu nyingine. Moyo ulinienda mbio. Nilimweleza kwamba mimi ni fundi, nataka pande tatu za kushona nguo yangu na za wenzangu, basi. Alitazama mihuri ya Horohoro, akatazama kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano, kisha bibi akasema kutoka mkekani, "Hawa ni wajukuu zangu, wananisafishia hata choo." Akaturudishia pasipoti zetu na kututakia matembezi mema. Tangu hapo naandika kwenye safu ile kile kile nilichomwambia afisa wa mpakani, bila kuongeza neno.

Siku zenyewe za matembezi sitazisimulia sana. Tulikwenda penye kumbukumbu ya Livingstone, pale Stanley alipomkuta mwaka 1871, na Mwalimu aliandika maelezo yote ya kuwasomea wanafunzi wake. Vitenge nilivipata Mwanga, pale pale Kigoma. Gombe, hifadhi ya sokwe, hatukufika. Boti za abiria kutoka Kibirizi zingetulazimisha tulale huko, na Nesi alipopiga hesabu ya boti, kiingilio na malazi, mfuko ungebaki mtupu. Tuliamua pamoja, na hakuna aliyenuna.

Ninalolikumbuka zaidi ni samaki, au tuseme kukosekana kwa samaki. Mwaka ule ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, na sisi tulifika siku chache kabla halijafunguliwa. Tulikuwa tumetoka pwani na hamu ya migebuka na kuhe tuliyosimuliwa kwenye treni. Badala yake tulikula sombe, yaani kisamvu kilichoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Mimi nimezoea tui la nazi, na siku ya kwanza mawese yalinishinda kwa uzito wake. Siku ya tatu niliomba niongezewe. Bibi alitueleza jinsi miezi ile ilivyokuwa migumu kwa vijana wa mtaani ambao hawana kazi nyingine ila ziwa. Wajukuu zake wawili walikuwa wakibeba matofali kusubiri.

Jioni ziwa lilipofunguliwa, nyumba nzima ilikwenda ufukweni, hata wageni wa vyumba vingine. Bibi alitushika mikono, Nesi kulia, mimi kushoto, kwa sababu mchanga unateleza. Mwezi ulikuwa bado juu, na wavuvi wa dagaa hawaupendi mwezi, kwani wanategemea taa kuwavuta samaki, na mbalamwezi huzishinda taa. Wengine walisubiri utue. Lakini wengi hawakuweza kungoja. Mitumbwi ilisukumwa, injini zikawaka, na baada ya muda taa zikaanza kutokea mbali juu ya maji, moja moja, halafu nyingi, mpaka ikawa kama kuna mji mwingine ng'ambo. Mwanamke mmoja karibu nasi alikuwa akizihesabu kwa sauti, akitafuta ya mumewe.

Asubuhi yake mjukuu mmoja alileta ndoo ya dagaa wabichi. Tulikaa uani tukawasafisha, wageni na wenyeji pamoja, na bibi akawakaanga bila kuongeza kitu ila chumvi, ndimu na pilipili. Nesi, yule aliyetaka kuhamia hotelini, alikula akiwa amekaa chini amenyoosha miguu, mgongo umeegemea pipa la maji.

Siku ya kuondoka tulifanya hesabu kitandani. Baada ya kuweka kando nauli, mfuko ulibaki na elfu thelathini na nne. Tulinunua dagaa waliokaushwa wa kupeleka Likoni, na chandarua kipya tukakiacha kwenye chumba changu, maana cha mle kilikuwa kimeanza kuchakaa pembeni. Bibi alifungua daftari kwenye ukurasa wetu, akatutafutia kalamu. Kwenye safu ya unakokwenda kila mmoja akaandika Mombasa, tukatia saini na saa ya kutoka, kumi na mbili na nusu asubuhi. Bajaji ilikuwa imeshafika getini.