Siku moja ya mlinzi wa Chumbe

Saa 11 alfajiri. Nikishaswali napanda mnara wa taa wa kisiwa hiki cha Chumbe, uliojengwa mwaka 1904. Kutoka juu naiona Unguja yote ya upande huu, lakini macho yangu yako magharibi, penye matumbawe. Tangu 1994 ni marufuku kuvua hapo.

Saa 12 na nusu. Kuna ngalawa ndani ya mpaka. Tunawasha boti. Ni mzee na kijana wake, wameshatia nanga. "Asalaam aleikum, baba." Sisi hatubebi silaha, kazi yetu ni maneno, nami nimevua miaka mingi kabla ya kuvaa sare hii, kwa hiyo najua njaa ya asubuhi ya maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu. Namweleza kwamba changu wakubwa wanaotaga hapa, mkondo huchukua watoto wao hadi kwenye mishipi yake. Ananisikiliza, anavuta nanga. Imenasa kipande cha tumbawe gumu, ukubwa wa ngumi, pale lilipovunjika peupe kama jino. Tumbawe la aina hii hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Mzee analigeuzageuza kiganjani, kisha analirudisha majini taratibu. Hatukuongeza neno.

Saa 4. Ni bamvua, siku za maji makubwa, na sasa yamekupwa. Wanafunzi kutoka Unguja wanafika, wengi wao wamezaliwa ufukweni na hawajawahi kutumbukiza uso baharini. Msichana mmoja anavaa miwani, anainama, anainuka haraka: "Mwalimu, kuna kitu kinatafuna!" Ni samaki, pono. Anakwaruza mwani kwenye jiwe, anaumeza na jiwe lenyewe, kisha anatoa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaoukanyaga ilipitia matumboni mwa pono. Msichana akarudi chini, na kumtoa majini ikawa taabu.

Saa 9. Msituni. Chini si udongo, ni matumbawe ya kale, na mibuyu imepenyeza mizizi nyufani. Kisiwa hakina kisima. Kila kitu hapa kinangoja mvua.

Saa 2 usiku. Kaa wa nazi wametoka. Huyu mmoja ana magando yanayopasua nazi, ila ukimtumbukiza baharini atazama afe. Jike hushuka majini kuachia mayai tu. Visiwa vingi wameliwa wakaisha. Nampisha apite.

Saa 4 usiku maji yamekupwa tena. Mbali naona taa za wavua pweza. Nazihesabu: nne, zote nje ya mpaka.