Ndugu yako ana neno juu yako

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili sijatoka kwenye mistari miwili ya Mathayo 5, wa 23 na wa 24. Tunaisikia sana tunapojiandaa kwa Meza ya Bwana: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako."

Kwa miaka mingi niliisoma kana kwamba Bwana anamtuma aliyekosewa aende akasamehe. Sivyo ilivyoandikwa. Mwenye neno ni ndugu yangu, na anayetakiwa kuinuka ni mimi. Kinachoniinua ni kukumbuka. Niliyotendewa hayanihitaji niyatafute, yanakuja yenyewe usiku. Niliyomtendea mwenzangu ndiyo yanayozama upesi, na hayo ndiyo Bwana anataka yanijie wakati mikono yangu imeshika sadaka.

Mtu aliyenifungulia mistari hii ni mlei wa Ujerumani, Lothar Kreyssig. Alizaliwa mwaka 1898 huko Saksonia, akawa hakimu katika mji wa Brandenburg an der Havel. Kazi yake ilikuwa kusimamia masilahi ya watu ambao sheria iliwaweka chini ya ulezi wa mahakama: wagonjwa wa akili na wenye ulemavu waliokuwa wakitunzwa hospitalini. Mwaka 1940 aliona jambo la ajabu katika majalada yake. Watu wake walikuwa wakihamishwa, kisha taarifa za vifo vyao zikifuata moja baada ya nyingine. Serikali ya Hitler ilikuwa imeanza kuwaua kwa gesi, na sehemu mojawapo ya kuulia ilikuwa katika gereza la zamani la mji huohuo wa Brandenburg. Katika mpango huo waliuawa zaidi ya watu 70,000, na baadhi ya waliojifunza kuua pale ndio waliopelekwa baadaye kusimamia kambi za kuwaangamiza Wayahudi.

Kreyssig alimwandikia waziri wa sheria. Alimfungulia mashtaka ya mauaji mmoja wa wakuu wa mpango ule. Alizikataza hospitali kumhamisha yeyote aliye chini ya ulezi wake bila idhini yake. Alipoitwa Berlin, waziri alimwonyesha karatasi yenye sahihi ya Hitler mwenyewe, naye akajibu kwamba karatasi ile haiwezi kugeuza uovu kuwa haki. Alipoteza uhakimu. Akarudi shambani kwake, na kabla Vita vya Pili vya Dunia havijaisha alikuwa amewaficha huko wanawake wawili wa Kiyahudi.

Kama kuna Mjerumani aliyekuwa na haki ya kusema "mimi simo", ni huyu.

Tarehe 30 Aprili 1958, katika sinodi ya Kanisa la Kiinjili iliyoketi Spandau, Berlin, alisimama akasoma wito. Alisema sisi Wajerumani ndio tuliovianzisha vita. Alisema Wajerumani wamewaua mamilioni ya Wayahudi kwa kumwasi Mungu. Kisha akaongeza neno ambalo kila nikilifikiria linanichoma: hata sisi tuliobaki hai ambao hatukuyataka hayo, hatukufanya ya kutosha kuyazuia. Hakusema "wao". Alijiweka ndani.

Hapo ndipo nilipomwelewa Nehemia. Mzee yule alikuwa mbali uhamishoni, mnyweshaji wa mfalme, na dhambi zilizouangusha Yerusalemu zilitendwa kabla yake. Lakini anaomba hivi katika sura ya 1, mstari wa 6: "naam, mimi na nyumba ya baba yangu tumefanya dhambi." Kiongozi wa kweli wa upatanisho haanzi kwa kuhesabu nani yumo na nani hayumo.

Na tusidhani kanisa la Ujerumani lilifika hapo upesi. Oktoba 1945, miezi michache tu baada ya vita, viongozi wake walitoa tamko la toba huko Stuttgart. Lilikuwa jambo kubwa kwa wakati ule. Lakini ukilisoma tamko lile, Wayahudi hawatajwi. Watu milioni sita wameuawa, majirani wa makanisa yale, ndugu za Yesu kwa mwili, na toba inapita kando yao. Nasema kwa uchungu, kwa sababu najua toba ya namna hiyo. Mimi pia nimeungama "makosa yangu yote" ili nisilazimike kulitaja moja.

Kutokana na wito ule kilizaliwa chama kiitwacho Aktion Sühnezeichen. Kwa Kiswahili chetu ningesema Tendo la Ishara ya Malipizi, na neno la kushika hapo ni ishara. Hawakudai kwamba wanalipa. Utalipa nini kwa watu milioni sita? Waliouawa hawapo wa kuombwa, na hakuna aliyetumwa nao kusamehe kwa niaba yao.

Basi wito ule uliomba nini? Haukuomba msamaha utolewe. Uliyaomba mataifa yaliyoumizwa yawaruhusu Wajerumani waje wafanye jambo jema kwa mikono yao: kijiji, kanisa, hospitali, chochote ambacho wenyeji wangekitaka. Waliomba ruhusa ya kutumika! Fikirini mjumbe amesimama nje ya uzio, amepiga hodi, naye anajua kabisa kwamba mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza.

Na wengine walinyamaza. Polandi, Urusi na Israeli ndizo zilizotajwa mwanzoni, na milango hiyo haikufunguka mara moja. Ilianza kufunguka kwingine. Mwaka 1959 vijana wa kujitolea walikwenda Uholanzi na Norwe. Huko Norwe walijenga makao ya watu wenye ulemavu wa akili mahali paitwapo Trastad, na mimi siwezi kupita hapo haraka, nikimkumbuka yule hakimu na majalada yake. Walijenga pia kanisa huko Kokelv, kaskazini kabisa, katika nchi iliyochomwa moto na jeshi la Ujerumani lilipokuwa likirudi nyuma mwaka 1944. Walifanya kazi Ugiriki. Walifika Coventry, Uingereza, ambako kanisa kuu lilibomolewa na ndege zao mwaka 1940, wakajenga katikati ya magofu. Walisaidia kujenga sinagogi huko Villeurbanne, Ufaransa. Na mwaka 1961, mwaka uleule Adolf Eichmann, mmoja wa waliopanga kuwasafirisha Wayahudi kwenda kuuawa, alipokuwa kizimbani Yerusalemu, kundi la kwanza lilipokewa Israeli, katika kibutsi (kijiji cha ujamaa cha wakulima) cha Urim. Ujerumani na Israeli hazikuwa hata zimebadilishana mabalozi. Wakaaji wa Israeli waliotoka kambini walikuwa bado na namba mikononi, na sasa vijana wanaongea lugha ile wakiwa wameshika majembe.

Mwaka huohuo ulijengwa ukuta ulioigawa Berlin, na Kreyssig akajikuta upande wa Mashariki, chini ya serikali ya Kikomunisti, amekatwa na sehemu kubwa ya kazi aliyoianzisha. Vijana wa Mashariki hawakuruhusiwa kwenda Norwe wala Israeli. Wakaanza walipo. Mwaka 1962 walizoa vifusi vya makanisa yaliyobomoka Magdeburg, moja la Kiprotestanti na moja la Kikatoliki. Baadaye waliingia katika makaburi ya Wayahudi wakawa wanayatunza.

Kwetu kaburi hupaliliwa na watoto na wajukuu. Majani yakiota hadi msalaba usionekane, jirani atauliza: hivi ukoo huu umeisha? Makaburi yale yalikuwa yameota misitu kwa sababu hiyo hasa. Wajukuu waliuawa au walikimbia, hakubaki mtu wa kufyeka. Basi kijana ambaye labda baba yake alivaa sare ya jeshi lile anapiga magoti, anang'oa majani, anasafisha herufi za Kiebrania asizoweza kuzisoma. Hakuna anayemtazama wala wa kumwambia asante. Nadhani hiyo ndiyo kumbukumbu iliyo karibu kabisa na maneno ya Bwana wetu.

Chama kile kipo hadi leo, na bodi yake ni ya watu wanaojitolea. Kila mwaka hupeleka vijana katika nchi kadhaa. Wengine huwatembelea manusura ambao sasa ni wazee sana, huketi nao, huwasikiliza. Wengine hutumika katika maeneo ya kumbukumbu ya kambi. Nawaombea viongozi wao, kwa kuwa naona ugumu wa kazi ile: kuwatuma watoto wa watu waende wakatumike bila kuahidiwa kupendwa.

Sisi Watanzania tunaijua hodi ya Mjerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, mbele ya wazao wa walionyongwa baada ya Vita vya Maji Maji, akaomba radhi. Silinganishi kaburi na kaburi. Lakini jamaa ya Chifu Songea Mbano bado walikuwa wakikitafuta kichwa cha babu yao, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani, na walikuwa na haki ya kusikiliza ombi lile bila kuharakishwa kulijibu.

Naandika haya nikiwa mzee wa kanisa, na lipo neno juu yetu. Miezi iliyopita tulimwita mama mjane kwenye kikao cha upatanisho. Alikuwa amedhulumiwa kiwanja na watu wa ukoo, na sisi wazee tulilijua jambo hilo mapema tukanyamaza. Kikaoni tulimsomea Maandiko. Tulimwambia asamehe saba mara sabini. Alilia, akasema amesamehe, tukaandika kwenye muhtasari, tukafunga kwa sala. Tangu siku ile hajaonekana ibadani. Mmoja wetu alisema ana moyo mgumu, na wengine tukaitikia kwa kichwa.

Jumapili iliyopita nilishika bahasha ya sadaka, na uso wake ukanijia.

Tumezungumza, wazee watatu. Hatutamwita tena ofisini. Tumemwomba mama mmoja wa umoja wa wanawake, rafiki yake, akamuulize kama anaturuhusu tufike nyumbani kwake, na kama kuna kazi yoyote pale ambayo angependa tuifanye. Alikwenda Jumatano. Jibu bado halijaja, nasi tunangoja.