Mwaka ulioandikwa kwenye pakiti yetu

Ukigeuza pakiti ya bizari yetu ya pilau, chini ya alama ya TBS, shirika la viwango, utakuta maandishi madogo: "Tangu 1972". Baba ndiye aliyeyaweka. Tulipochapisha pakiti za kwanza, mchoraji alimuuliza biashara ilianza lini, naye akataja mwaka ambao Babu alinunua mashine. Nimeziuza pakiti hizo miaka mingi bila kuuhoji mwaka. Mwezi uliopita Shangazi alipita dukani kuchukua manjano, akavaa miwani, akasoma, akaguna.

"Sabini na mbili? Mama alikuwa ameshaota sugu za mchi."

Shangazi ni wa 1958. Bibi, ukimuuliza alianza lini kutwanga bizari za kuuza, alikuwa akijibu hivyohivyo kila mara: "Shangazi yako hajaota jino." Babu wakati huo alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Bibi alibaki Ngamiani, mjini Tanga, na kinu, mchi, chekeche na kibaba cha bati. Wapishi wa shughuli ndio waliokuwa wateja wake. Mpishi akipata maulidi au harusi anamtuma mtoto, Bibi anapima, anafunga kwenye gazeti, hela inaingia kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyeita kiwanda. Babu mwenyewe alikuwa akisema mkewe "anajishughulisha".

Mashine ilikuja baada ya serikali kutaifisha nyumba za kupangisha mwaka 1971. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa anafunga virago aliuza mashine ya kusaga pamoja na mota yake, na Babu akatoa akiba yake yote. Bibi hakuipenda. Alisema inachoma bizari. Tulimcheka sana kwa hilo, kumbe alikuwa sahihi: jiwe likizunguka kwa kasi hupata joto, na lile joto ndilo linalofukuza harufu. Mpaka leo tunasaga alfajiri, tunapumzisha, ndipo tunarudia. Karafuu na mdalasini hatuzisagi peke yake kwa sababu mafuta yake huganda kwenye chekeche. Tunazichanganya na giligilani kavu. Pilipili ni ya mwisho kabisa, la sivyo iliki ya kesho itamwasha mtu.

Halafu ikaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na pale Horohoro, kituo chetu cha mpakani, hakikupita kitu kihalali hadi mwisho wa 1983. Kwa kiwanda cha bizari hilo si jambo dogo. Iliki, mdalasini na pilipili manga tulikuwa tunazipata hapohapo, milima ya Amani na Muheza. Bizari nyembamba hailimwi kwetu. Ilikuwa ikitoka ng'ambo kupitia Mombasa, na sasa Mombasa ilikuwa mbali kama Bombay yenyewe. Pilau bila bizari nyembamba ni wali wa kahawia tu.

Bibi akapangua vipimo. Akapunguza bizari nyembamba hadi robo ya ilivyokuwa, akaongeza pilipili manga, akaikaanga giligilani mpaka ikakaribia kuungua. Wapishi walilalamika mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu wakazoea. Mpaka ulipofunguliwa, Bibi akarudisha vipimo vyake vya awali, nao wakalalamika upya: wanataka ile ya juzi! Ndiyo maana mpaka leo tuna aina mbili, na sisi wenyewe tukiwa mashineni tunaziita "ya zamani" na "ya mpaka". Pakiti ya kijani na pakiti nyekundu. Nyekundu, iliyozaliwa na dhiki, ndiyo inayotoka zaidi.

Kuna kisa cha 1983 ambacho Shangazi hachoki kukisimulia. Ule mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, Babu alikuwa na magunia mawili ya bizari nyembamba yaliyokuja kwa jahazi, na karatasi yake hana. Akataka kuyamwaga baharini usiku. Bibi akamwambia unga unaweza kuuficha, sukari unaweza kuificha, lakini bizari nyembamba utaifichaje na mtaa mzima unainusa? Akaigawa. Kila nyumba vibaba kadhaa, "nikalieni nacho". Mtaa wote ukanuka, kwa hiyo hakuna nyumba iliyonuka. Vibaba vyote vilirudi isipokuwa vya jirani mmoja ambaye Shangazi bado hamsalimii vizuri.

Zama zangu mimi hazina visa. Miaka ya tisini tulikuwa tunaziba vifuko vya nailoni kwa mshumaa, na nina kovu la kidole kama cheti. Baadaye zikaja habari za TBS na vipimo vya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, tukanunua vichanja vya kuanikia ili manjano na pilipili zisiguse chini. Msimbomilia (barcode) wetu wa kwanza ulianza na 616, namba za Kenya, kwa kuwa Tanzania ilikuwa haijawa na zake. Sasa ni 620.

Turudi kwenye ule mwaka. Nilimwambia Baba tubadilishe, tuandike 1958. Akasema mashine ndiyo kiwanda. Nikamwuliza mashine ipi, maana mota imebadilishwa mara tatu na jiwe sijui mara ngapi. Kitu pekee kilichobaki tangu mwanzo ni kibaba cha bati, ambacho Baba mwenyewe alikipima kwa mizani miaka ile alipogeuza vipimo vya Bibi kuwa gramu, kitu kimoja baada ya kingine, kwa kuwa kibaba cha iliki na kibaba cha giligilani havilingani uzito. Ilimchukua wiki nzima, Bibi amekaa pembeni anamsahihisha.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Dada amekutuma."

Amekubali, lakini rola za pakiti zilizochapishwa ziishe kwanza, hatupi mali. Leo asubuhi nimehesabu stoo. Zimebaki nne, na kuelekea Idi huwa tunamaliza mbili.