Kichwa Mikononi mwa Rafiki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Mwanzo 30:1-16, na mkipata nafasi msome pia 31:14-16.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu yuko kwangu likizo hii. Jioni moja, vyombo vimeshaoshwa, akaniita sebuleni: "Shangazi, njoo uangalie hapa, halafu uniambie nani mwenye makosa." Alikuwa anaangalia katuni ya zamani ya Marekani iitwayo Daria, iliyoonyeshwa na kituo cha MTV kuanzia mwaka 1997 hadi 2002. Mimi si mtu wa katuni, na hii si ya watoto wadogo. Lakini nilikaa, na tulipomaliza nilikuwa na jambo la kumwomba Mungu msamaha.

Daria na Jane ni wasichana wa sekondari katika mji wa kubuni uitwao Lawndale. Daria ni mgeni shuleni, haongei sana, watu wanamwona wa ajabu. Wanakutana kwenye darasa la kuwafundisha wanafunzi kujithamini. Jane amekwishalirudia mara kadhaa na majibu yote anayo. Tangu hapo hawaachani. Kisha mwishoni mwa msimu wa tatu Jane anapata mpenzi, Tom, na mtu wa kwanza kuona wivu ni Daria. Wala hamtaki huyo Tom, hata kumwona hapendi! Kinachomuuma ni kwamba saa zilizokuwa zake na Jane sasa zina mwenyewe mwingine. Msimu wa nne mambo yanageuka. Daria na Tom wanaanza kuelewana, wanacheka mambo yaleyale, na sasa anayekosa usingizi ni Jane.

Pale mpwa wangu aliposimamisha picha ndipo palipo na neno langu leo. Jane anamwomba Daria ampake rangi nywele, michirizi michirizi. Daria anamwambia mapema kwamba hawezi kazi hiyo. Jane anashikilia. Rangi inaharibika, na ugomvi unaolipuka unaanza na nywele lakini haukai kwenye nywele, unakwenda moja kwa moja kwa Tom. Haupiti muda, Daria na Tom wanajikuta wakibusiana ndani ya gari.

Mpwa wangu alitaka nimtaje mkosaji, na mimi nilikuwa nimebaki kwenye zile nywele.

Nilipokuwa na umri wake nilikuwa na rafiki, tukisoma shule moja ya kutwa na kuimba kwaya moja. Kila Jumapili baada ya ibada nilimsuka kwa ajili ya wiki ya shule. Mimi kwenye kigoda, yeye kwenye mkeka chini ya mwembe, mgongo wake umeegemea magoti yangu, chanuo na kikopo cha mafuta ya nazi pembeni. Twende kilioni, kila wiki, maana ndiyo niliyoijua vizuri. Jumapili moja alinisimulia kwamba Alhamisi, baada ya mazoezi, kijana mmoja wa kwaya alimsindikiza hadi kwao. Alisimulia kwa furaha, bila kugeuka, akiangalia mbele, kichwa chake chote kimo mikononi mwangu.

Nikakaza. Nilivuta mizizi ya nywele pale mbele, kwenye paji la uso, mpaka ngozi ikainuka. Akasema, "Unaniumiza." Nikamjibu, "Vumilia, zikilegea zitafumuka kesho." Alishika kingo za mkeka akanyamaza. Nilisuka kichwa kizima hivyo. Kesho yake shuleni alikuwa na vipele vidogo kuzunguka paji lote la uso, na macho yamevutwa kama ya mtu aliyelia. Hakuniuliza kitu. Alijua.

Yule kijana nilikuwa nampenda? Kwa miaka mingi nilijiambia ndiyo, maana ni rahisi kulisema. Leo nikitazama nyuma naona kilichoniuma ni ile njia. Kutoka kanisani hadi kwao tulikuwa tunapita wawili, mimi na yeye, tukigawana karanga za kukaanga. Alhamisi ile nilipita peke yangu.

Sisi Waswahili tuna wivu, tuna husuda, tuna kijicho. Husuda na kijicho ni kuumia kwamba mwenzako anacho. Wivu mara nyingi ni hofu ya kupokonywa ulicho nacho. Huwa tunawakemea mabinti kwa pamoja, "acheni wivu," bila kumuuliza binti ni kitu gani anachoogopa kitaondoka.

Sasa turudi kwenye somo. Raheli na dada yake Lea wameolewa na mume mmoja, Yakobo. Raheli anamwonea wivu dada yake kwa sababu ya watoto. Lea naye ana uchungu kwa sababu ya mume. Siku za mavuno ya ngano Rubeni anamletea mama yake tunguja kutoka kondeni, Raheli anaziomba, na Lea anapasuka: "Je! Ni jambo dogo kuninyang'anya mume wangu?" Angalieni inavyofanana na rangi ya nywele. Wanagombania matunda ya porini yanayoenea kiganjani, na ndani yake kuna miaka yote ya nyumba ile. Mwishowe Raheli anamwachia Lea usiku ule na Yakobo, naye apewe tunguja. Yakobo mwenyewe anaporudi kutoka shamba jioni anaambiwa tu na Lea kwamba ameajiriwa kwa tunguja, anaingia ndani. Biblia haituambii kwamba jioni ile alisema neno lolote. Maumivu yote yako kati ya dada na dada, watoto wa baba mmoja, waliokua pamoja kabla huyu mwanamume hajafika kisimani.

Sijawahi kusikia somo hili likifundishwa kwa vijana kwa upande huo. Tukikaa na mabinti tunazungumza kuhusu wavulana: jihadharini, someni kwanza, mwili ni hekalu. Ni maneno ya kweli, na mimi nimeyafundisha. Lakini binti anayekuja kwangu analia, mara nyingi sana nikimsikiliza mpaka mwisho, anamlilia rafiki. Wa kiume atasahaulika kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Yule aliyekuwa akimpa siri zake kila siku, na sasa anapita upande wa pili wa barabara, huyo anakaa moyoni hadi mtu anazeeka naye. Tunamtuma nyumbani na mistari ya usafi wa mwili na kidonda chake hatujakigusa. Mithali 14:30 inasema "husuda ni ubovu wa mifupa." Mfupa uko ndani, na ukiangalia juu ya ngozi hutaona kitu.

Nikamwambia mpwa wangu, haya, endelea. Na hapo kile kikatuni kikanifundisha. Daria anamfuata Jane anamwambia mwenyewe alichofanya. Hakungoja Jane asikie kwa watu wengine. Sikuwa na ujasiri huo mimi. Bwana wetu anasema katika Mathayo 5, ukiwa madhabahuni na ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, "upatane kwanza na ndugu yako." Nilikuwa naimba sauti ya kwanza madhabahuni kila Jumapili, na rafiki yangu mwenye neno juu yangu amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kumfikia kwa kunyoosha mkono. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa wananiona.

Halafu lipo jambo la pili, na nadhani kanisani ndilo linalotushinda zaidi. Daria anapokiri, Jane hamkumbatii. Anaumia, anaachana na Tom, na kiangazi kile anaondoka kwenda kwenye kambi ya wasanii, mbali. Urafiki haujafa, lakini anataka nafasi. Mwaka uleule wa msimu wa nne, 2000, ilitolewa filamu nzima ya kiangazi hicho, na kupatana kwao kunakuja baada ya Daria kusafiri kumfuata huko aliko. Sisi tunawashikisha watu mikono mbele ya mzee wa kanisa, tunaomba, tunasema amina, yamekwisha. Aliyeumizwa akisema "bado," tunamwambia ana roho ya uchungu. Jamani, hapana. Aliyekosa asimpangie aliyekosewa siku ya kupona. Kazi yake ni kukiri, kisha kukaa pale anapoweza kupatikana.

Raheli na Lea miaka mingi baadaye, kwenye sura ya 31, Yakobo anawaita kondeni kuwaeleza kuhusu kuondoka nyumbani kwa baba yao. Andiko linasema Raheli na Lea wakajibu. Wanajibu pamoja, jibu moja. Wakati gani walipatana, nani alianza, hatukuandikiwa. Lakini katika Ruthu 4:11 wazee langoni wanapombariki Boazi wanawataja "kama Raheli na kama Lea, wale wawili walioijenga nyumba ya Israeli." Wale wawili! Waliogombania tunguja. Nikisoma mstari huo siku hizi nasimama hapo kwanza.

Mpwa wangu akaniuliza, "Sasa wewe rafiki yako ulimwambia?"

Nilimwambia. Ilikuwa mwezi wa sita, nyuma ya jengo la kanisa, tukisubiri ufunguo wa chumba cha kwaya. Nilimwambia kwamba siku ile nilikaza makusudi. Akaniangalia, akasema, "Najua," akaingia ndani kuimba. Kuanzia hapo alisukwa na binti wa jirani yao. Nilimwona kila Jumatatu na mitindo ambayo mimi nisingeiweza, na nikajizuia kusema lolote. Tulisalimiana. Krismasi ikapita.

Januari, Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, nilikuwa uani natandika mkeka ili nianike mchele. Akaingia na chanuo lake mkononi, akakaa juu ya ule mkeka akanipa mgongo, akaanza kufungua kitambaa cha kichwani.

"Taratibu leo," akasema.