Nilivyoanza kuwapima watoto wa darasa la awali bila mtihani

Ninafundisha darasa la awali katika shule ya msingi wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa yetu yamejaa, na karatasi ya mtihani kwa mtoto wa miaka mitano hunionyesha tu nani amezoea kushika penseli. Mtaala unataka mtoto apimwe akiwa anacheza, anazungumza na kutenda. Ilinibidi nitafute namna ya kulitekeleza hilo nikiwa mwalimu peke yangu.

Nilianza kwa kuchagua watoto wachache kila siku. Wenzao wakiwa kwenye kona za kujifunzia, yaani sehemu za darasa zenye vifaa vya kuchezea na kujifunzia, mimi hukaa karibu na hao wachache na kuandika ninachokiona na kukisikia, bila kutoa hukumu. Hukumu husubiri hadi saa za kazi zinapokwisha, ninapojaza orodha hakiki, yaani orodha ya stadi ambayo huwekewa alama mtoto anapoonyesha kuziweza. Michoro yao huitia tarehe na kuihifadhi katika mkoba wa kazi wa kila mmoja.

Kona ya hisabati ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Huko tunahesabu kwa korosho ghafi zilizokaushwa, ambazo hakuna ruhusa ya kuzibangua wala kuzitia mdomoni, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza. Mtoto mmoja aliyeweza kuimba moja hadi ishirini bila kukosea, nilipomwambia, "Nipe korosho tano," alichota ukufi mzima akanimiminia kiganjani. Jirani yake, ambaye hajibu swali lolote mbele ya darasa, alizisogeza kwa kidole moja baada ya nyingine, huku akinong'ona Kimakonde, akasita kwenye ya tano na kuninyooshea. Mtihani wa kujibu kwa Kiswahili ungempa alama yule wa kwanza na kumwacha huyu mkiani. Kwa hiyo daftari langu sasa lina safu mbili: anachokiweza mtoto, na anachoweza kukieleza kwa Kiswahili. Naamini bila safu hizo tunawaonea watoto wanaotoka nyumba zinazozungumza Kimakonde.

Kwa wazazi kazi ilikuwa ngumu zaidi. "Sasa mwalimu, mwanangu kawa wa ngapi?" aliniuliza mama mmoja. Nilimfungulia mkoba: mchoro wa mwanzo wa mwaka ulikuwa kichwa chenye miguu, na wa karibuni ulikuwa na kiwiliwili, mikono na vidole. Aliziangalia karatasi hizo kwa muda, kisha akauliza afanye nini nyumbani. Nilimshauri amtume mtoto kuleta sahani kulingana na idadi ya watu watakaokula.

Msimu wa korosho baadhi ya watoto huondoka na wazazi kwenda mashambani, hivyo hao huwatangulizia zamu ya kuangaliwa kabla ya Oktoba. Mwisho wa mwaka humkabidhi mwalimu wa darasa la kwanza daftari pamoja na mikoba, nikikaa naye kupitia mtoto mmoja mmoja, tukianza na wale wasiosema.