Kuzifufua sauti za sintesaiza za miaka ya 1980 kwa vifaa vya leo

Wengi wanaozitafuta sauti za pop za miaka ya 1980 huanza kwa kutafuta kinanda chenyewe cha sintesaiza (chombo kinachounda sauti kwa umeme), au nakala yake ya kompyuta, kisha hushangaa kuona kwamba hata baada ya kukipata, muziki wao bado unasikika kama wa leo. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya uzuri wa sauti zile ilitokana na mipaka ya vifaa, na mipaka hiyo lazima tuirudishe kwa makusudi, kwa sababu vifaa vya sasa haviilazimishi.

Tuchukue sintesaiza ya Yamaha DX7, iliyoingia sokoni mwaka 1983. Mbinu yake ya kulitumia wimbi moja kulitikisa jingine iligunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, na ndiyo iliyotupatia ile piano ya umeme yenye mlio wa kengele iliyotawala nyimbo za mapenzi za muongo ule. Programu ya Dexed, ambayo ni ya bure, husoma mafaili ya sauti za DX7 zenyewe. Hata hivyo nashauri sauti hii ijengwe kwa mkono, kwani hapo ndipo sikio linapofunguka. Opereta sita, yaani vyanzo sita vya mawimbi ya sauti ndani ya DX7, hupangwa katika jozi tatu, na katika kila jozi moja husikika huku nyingine ikiitikisa. Katika jozi mojawapo, opereta inayotikisa huwekwa kwenye masafa mara 14 ya yule mwenzake, kisha nguvu yake huachwa izimike upesi, na hapo noti huanza kwa mlio mfupi wa chuma kabla ya kutulia. Kinachosahauliwa mara nyingi ni kuifunga nguvu hiyo na uzito wa kidole: ukibonyeza taratibu sauti iwe laini, na ukikaza kidole chuma kilie. Bila hilo utapata mlio ule ule kwa kila noti, na uhai wote wa piano ile utakuwa umepotea.

Ikumbukwe pia kwamba DX7 haikuwa na mwangwi wala korasi (athari inayoifanya sauti moja isikike kama nyingi) ndani yake, bali vitu hivyo viliongezwa studioni kwa mashine nyingine. Kwa hiyo sauti kavu ya Dexed haina kosa lolote. Bado haijamaliza safari yake.

Sintesaiza ya Roland Juno-60 ya mwaka 1982 ni kinyume kabisa. Ina osileta (chanzo cha wimbi la sauti) moja tu kwa kila noti, na noti sita kwa wakati mmoja, lakini korasi yake huipeleka sauti kwenye njia mbili za ucheleweshaji, moja ikivutwa mbele wakati nyingine inarudi nyuma, ndiyo maana sauti nyembamba hutanda kulia na kushoto. Ukiwa na sintesaiza ya kisasa, zima osileta za ziada, punguza idadi ya noti hadi sita, fungua nusu kichujio (sehemu inayopunguza ukali wa sauti), na uiachie korasi kazi ya kupanua. Korasi ile ilikuwa na mvumo mdogo wa chinichini ambao nakala nyingi hukuruhusu kuuzima. Mimi huuacha, hasa katika sehemu tulivu, kwa kuwa ukiuondoa, akodi ndefu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) huanza kusikika tupu.